Kafi la Mgeni

Zamani mgeni aliyefika Yalofete kwa mtumbwi alinyang'anywa kafi lake ili asiondoke bila kula. Leo kafi moja la namna hiyo limelala katika stoo ya mahakama huko Makiso, mjini Kisangani, limefungwa kamba na kubandikwa namba, kama mwizi aliyekamatwa sokoni.

Aliyeagiza lichukuliwe kwa mgeni ni Alphonse Bolamba, mtu wa mto. Alizaliwa Yalofete, kijiji kidogo mtoni, chini ya mji mdogo wa Yanonge, nyumba zake zimepangwa juu ya ukingo mrefu, zote zinatazama maji. Ujana wake ulipita akipandisha samaki wa moshi na mafuta ya mawese mpaka Kisangani, katika mitumbwi mikubwa iliyopigwa makafi kwa wimbo, kabla ya injini kuja kufukuza nyimbo mtoni. Hakuwahi kuwa tajiri, na hakuna aliyemwita maskini. Mkewe alitangulia. Binti yake Benie aliolewa Lubunga, ng'ambo ya mto kule Kisangani. Nyumbani alibaki na dada yake Colette, na Jephté, mtoto wa Colette, ambaye Alphonse alimlea tangu baba wa mtoto alipopanda boti kwenda Kinshasa na kusahau njia ya kurudi.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni akishusha mguu, mwenye nyumba hamwulizi amekuja kutafuta nini. Humtuma kijana wa nyumbani alitoe kafi mtumbwini na kulipeleka jikoni, liegemezwe ukutani karibu na moto. Kuanzia hapo mgeni ni wa nyumba ile. Akitukanwa, nyumba imetukanwa. Akiwa na ugomvi na mtu kijijini, ugomvi unasubiri. Majirani huja na sahani zao zilizofunikwa, na mtu hasemi neno mpaka awe ameweka yake chini mbele ya mgeni. Mgeni akishashiba, mwenye nyumba mwenyewe, si kijana, hulibeba kafi mpaka majini na kumkabidhi mkononi. Asipomkabidhi, hata mgeni akienda zake, hajaondoka. Bado ni mgeni, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtaja kwa ubaya mbele ya watu.

Walifanyiwa hivyo wachuuzi, makatekista, na watu wa serikali waliokuja kuhesabu watu na kuku. Hakuna aliyelalamika. Aliyejua alicheka, asiyejua aliuliza. Siku hizi hakuna anayejua, na kuuliza kumekuwa aibu.

Polisi walifika wawili, asubuhi, katika mtumbwi wa kuazima. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene aliyeshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili mpaka ulipogusa mchanga. Mdogo wake kazini, aliyepiga kafi peke yake kutoka Yanonge kwa sababu mkubwa hakutaka mtu wa tatu katika shughuli yake, aliitwa Franck. Alizaliwa Kisangani, wazazi wake watu wa Maniema, na hajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Timothée iko wapi?" mkubwa aliuliza kabla ya salamu. Huyo Timothée alishitakiwa na jirani kwamba amemkatia nyavu.

"Iko kambi ya wavuvi, kwa kisiwa," Alphonse alijibu. "Jua likishuka atarudi. Kaeni, komanda. Mumefika kwa watu."

Kisha akamtazama Jephté, na jicho lake likaenda mtumbwini. Jephté alikuwa kijana mkubwa tayari, mwenye simu na mambo yake. Akasogea karibu na kumnong'oneza mjomba wake.

"Tonton, hawa ni polisi."

"Polisi hawana tumbo?"

Wawili hao hawakunong'ona vya kutosha. Waliokuwa karibu wakacheka, na mkubwa mwenyewe akacheka akijipapasa tumbo. Jephté akaenda, akalitoa kafi, akalipeleka jikoni kwa mama yake. Colette alikuwa amekwisha kuweka ndizi motoni. Alikuwa mpishi wa lituma, ndizi za kutwanga, na aliitwanga kwenye kinu mpaka inanata vizuri, akiwatukana wanawake wa mjini wanaoila ikiwa na mabonge.

Alphonse alimkalisha mkubwa kivulini na kumletea kikombe cha lotoko, pombe kali ya kienyeji. Wakazungumza habari za mvua. Baadaye kidogo Franck alishuka majini kuosha viganja vyake, akaona mtumbwi hauna kafi. Akageuka. Kutoka nyumba zote za ukingo watu walikuwa wanakuja, wanaume na wanawake, wote kuelekea uwanja ule mmoja, kila mtu amebeba kitu kilichofunikwa kwa jani au kitambaa, na hakuna hata mmoja aliyesema.

"Kafi iko wapi?" Franck aliuliza. Hakujibiwa. Sahani zilikuwa bado hazijawekwa chini. "Nani alichukua kafi? Ninauliza!"

"Utaiona ukishiba!" mzee mmoja aliyekwisha kuweka sahani yake alisema, na wengine wakaangua kicheko.

Ni maneno ya kawaida kabisa. Kila mgeni mwenye haraka aliambiwa hayo Yalofete, na babu zake waliambiwa hayo. Franck akaishusha bunduki begani.

Hapo Jephté, aliyekuwa jikoni, alifanya kitu ambacho kijana hafanyi. Alimwona polisi anaogopa, akadhani dawa ya hofu ile ni kumwonyesha kitu anachotafuta. Akalinyakua kafi ukutani na kutoka mbio, ameliinua juu ili lionekane na wote. "Hii hapa! Hii hapa!" Kafi halirudishwi na kijana, na halirudishwi mbio. Lakini nani alikuwa amemfundisha sehemu hiyo? Alifundishwa kuchukua tu.

Franck akapiga risasi. Jephté hakuguswa. Mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, aliketi chini polepole, kama mtu aliyechoka kusimama. Jephté alipogeuka na kumwona, alimrudia Franck kwa kafi lilelile na kumvunja mfupa wa bega. Watu wakawaangukia polisi wote wawili, wakawafunga, hata yule mkubwa, ambaye kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. Lituma ilibaki kwenye kinu. Mbuzi wakaila.

Colette alifia mtoni, katika mtumbwi uliokuwa unampeleka Yanonge kwa daktari. Alphonse alikuwa amempakata kichwa. Maneno ya mwisho ya Colette hayakuwa mengi. Alisema, "Yaya, kaka yangu, mutoto wangu asibaki kwa mikono ya watu. Umurudishe nyumba." Alphonse akasema ndiyo. Walipogusa ukingo wa Yanonge, polisi wa pale, waliokwisha kupata habari, walikuwa wanawasubiri, na Jephté, aliyekuwa katika mtumbwi uleule, alitiwa pingu miguu ikiwa bado majini.

Basi zikazaliwa kesi mbili kutoka mchana mmoja. Katika ya kwanza, mbele ya mahakama ya raia, Jephté alishitakiwa kwa kuwazuia polisi wasiondoke, kwa uasi, na kwa kumjeruhi askari kazini. Katika ya pili, mbele ya mahakama ya kijeshi ambayo ndiyo huhukumu polisi, Franck alishitakiwa kwa kumwua Colette. Aliyekuwa mshitakiwa huku alikuwa mlalamikaji kule. Kafi lilikuwa ushahidi kote kuwili, na lilihamishwa kutoka jengo moja hadi jingine juu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, karani amelipakata kama mtoto.

Alphonse akahamia Lubunga kwa Benie, na kila siku ya kesi akavuka mto kwenda Makiso. Kazi yake yote sasa ilikuwa moja: kumrudisha Jephté nyumbani. Habari ilivuka kabla yake. Vijana wa mitumbwi ya kuvusha walimpa jina.

"Chungeni makafi yenu, Papa Kafi amepanda!"

"Papa Kafi, leo utatupikia nini?"

"Mupisheni mbele, asituzuie hapa mpaka kesho!"

Alikaa akitazama maji. Vijana hao hao, babu zao walipiga kafi pamoja naye. Mmoja alikuwa na macho ya babu yake kabisa, na hakuwa na habari naye.

Wakili alikuwa msichana mwerevu, maître Chancelle, aliyekuwa amekubali kuwasimamia watu wa Yalofete katika kesi zote mbili. Alimkalisha Alphonse kwenye benchi nje ya mahakama na kumweleza taratibu, kama mtu anavyoeleza dawa.

"Papa, sikia muzuri. Kwa tribinali ya raia, kafi haiko. Hakuna mutu alichukua kafi. Polisi walibaki kwa mapenzi yao. Donc basi, Jephté hakuzuia mutu."

"Na kwa tribinali ya basoda, ile ya jeshi?"

"Kule sasa, kafi iko. Walikuwa wageni, walipewa kiti, walipikiwa. Donc, Franck hakuwa na sababu ya kuogopa. Unaona?"

"Kwa Jephté kafi haiko. Kwa Franck kafi iko."

"Voilà. Ndivyo."

"Mu siku moja."

"Papa, mahakimu si wale wale."

Toleka mmoja alipita akipiga kengele.

"Mutoto wangu," Alphonse alisema, "nikisema hatukuchukua kafi, basi Colette alikuwa anapikia nani?"

Chancelle alifunga jalada lake. Alimwambia kwamba hapa hakuna anayehukumu mapishi. Alimwambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba akipenda kumrudisha Jephté nyumbani, neno lile moja ndilo mlango, na mlango mwingine hauko.

Usiku ule kwa Benie hakula. Benie alimwambia aseme tu, neno dogo, nani hasemi uongo mahakamani, mahakama yenyewe inautegemea. Alphonse alikuwa anapima kitu ambacho wenye vitabu hawakumwuliza. Akilikana kafi, atamtoa Jephté, na dada yake atakuwa amekufa akipika bure, kwa watu waliokuwa wanapita tu. Asipolikana, atakuwa amesema kweli mbele ya wasiojua kweli ile ni ya nini. Tena Franck hajakabidhiwa kafi lake. Kwa hesabu ya Yalofete alikuwa bado anakula kwa Alphonse, na Alphonse alikuwa anaitwa kumshitaki.

Mbele ya mahakama ya raia hakimu alimwuliza kama kafi lilichukuliwa.

"Lilichukuliwa. Ni mimi nilimutuma mutoto."

Chancelle aliinamisha kichwa.

"Askari waliomba lichukuliwe?"

"Mugeni haombi, mheshimiwa. Akiomba, ni aibu ya mwenye nyumba."

"Wangeweza kuondoka bila kafi?"

"Wangeondoka wakishiba."

Watu waliokuwa nyuma walicheka. Hakimu aligonga meza. "Mzee, ninauliza: bila kafi, wangeweza kuondoka?"

"Hapana."

"Andika," hakimu alimwambia karani.

"Mheshimiwa, kama iko kosa, munifunge mimi. Ule alitumwa."

"Jina lako halimo katika mashitaka, mzee. Mtu mzima aliyetumwa bado ni mtu mzima. Kaa chini."

Jephté, kwenye benchi la washitakiwa, hakumtazama mjomba wake hata mara moja. Alitazama kafi lililokuwa juu ya meza ya karani.

Katika mahakama ya kijeshi, Alphonse alisema maneno yaleyale. Hakuongeza, hakupunguza. Alieleza kafi, jiko, sahani, na ukimya wa majirani. Alipoulizwa kama Franck alikuwa mtu mbaya, alisema hawezi kumtaja, ni mgeni wake. Ukumbi ulishangaa. Wakili wa Franck, mtu wa suti iliyobana, alisimama akitabasamu kama aliyeokota kitu njiani.

"Kwa hiyo shahidi wa upande wa marehemu mwenyewe anakubali: mteja wangu alinyang'anywa njia ya kurudi, akazungukwa na watu walionyamaza, na mtu akamkimbilia na kafi limeinuliwa. Waheshimiwa, ninyi mngefanya nini?"

Franck mwenyewe, mkono ukiwa kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, alimtazama Alphonse kwa mara ya kwanza. Alipoambiwa aseme neno la mwisho, alisema, "Hakuna mutu aliniambia. Kama wangeniambia, ningekula."

Hukumu zilitoka zimepishana kwa juma moja. Jephté alipata miaka mitano. Franck alipata miwili, kwa sababu alikuwa na hofu ambayo mahakama iliiona kuwa na msingi, na msingi wenyewe ulikuwa maneno ya Alphonse. Timothée alirudi kutoka kisiwani na hakuitwa popote. Nyavu ziliposhonwa, jirani wake alifuta malalamiko.

Alphonse alipeleka chakula gerezani kila alipoweza. Jephté aliipokea sahani, hakumpokea mpelekaji. Siku moja tu alizungumza.

"Tonton, mama alikufa juu ya mila yako. Na mimi niko hapa juu ya mila yako. Uliweza kusema neno moja."

"Niliweza."

"Na ukakataa."

"Mama yako alikuwa anapika, Jephté."

"Mama amekufa!" Jephté alisema kwa sauti ambayo ilimleta mlinzi. "Alikuwa anapika, alikuwa anacheza, yote sawa. Amekufa. Mimi niko muzima, na uliniacha."

Alphonse alikuja tena na sahani, na tena. Aliomba pia kwa karani arudishiwe kafi, amkabidhi mwenyewe aliyekuja nalo, mambo yaishe. Karani alikuwa kijana wa adabu. Alimwambia ni mali ya ushahidi, kesi zikikatiwa rufaa litahitajika. Alphonse aliuliza kama ataruhusiwa walau kulipaka mafuta, maana ubao mkavu hupasuka. Karani alidhani mzee anatania.

Rufaa hazikukatwa. Gereza lilikuwa limejaa, na baada ya mvua kubwa ukuta mmoja ulianguka, ikaamuliwa wafungwa wengine wapelekwe gereza jingine, mbali chini ya mto. Raia na askari, wote pamoja, boti ilikuwa moja. Benie aliisikia habari sokoni asubuhi. Alitwanga lituma haraka kuliko kawaida na kuifunga katika majani, pamoja na samaki wa moshi, na Alphonse akavuka. Vijana wa mtumbwi siku ile hawakumtania. Pengine waliuona uso wake, pengine jina lilikuwa limechakaa.

Bandarini wafungwa walikuwa wamechuchumaa mstari mmoja. Pingu zilikuwa pungufu, kwa hiyo walifungwa wawili wawili, bila kuangalia nani na nani. Mlinzi aliwachukua kama walivyokuwa wanatoka kwenye lori. Mkono wa kushoto wa Jephté ulikuwa katika pingu moja na mkono wa kulia wa Franck.

Alphonse alisimama akiwaangalia. Kisha akamwomba mlinzi ruhusa.

"Fanya mbio, papa. Boti haikungojei."

Aliweka kifurushi mbele ya Jephté na kufungua majani. Mvuke wa lituma ulikuwa haujaisha. Jephté aliitazama. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayesoma. Alianza kula, na kwa sababu mkono wake mmoja haukutosha kumega, kila alipovuta wa pili, mkono wa Franck ulikuja pamoja nao mpaka juu ya chakula na kurudi mtupu. Ilikuwa hivyo mara kadhaa. Franck aliutazama mto.

"Kula basi," Jephté alisema bila kumgeukia. "Unanichosha mukono."

Franck alimega. Alikula kidogo kwanza, kisha akala kama mtu mwenye njaa. Alphonse alikuwa amechuchumaa mbele yao, na mikono yake haikuwa na kazi. Mgeni alikuwa amekula. Sasa ndipo mwenye nyumba husimama, huingia jikoni, hulitoa kafi ukutani na kulileta. Alisimama kweli, kwa mazoea, na akabaki amesimama. Kafi lilikuwa juu ya mlima mdogo wa majalada, nyuma ya kufuli, hatua chache kutoka pale.

"Ni nani alipika?" Franck aliuliza.

"Benie, mutoto wangu."

"Iko muzuri."

"Iko na mabonge," Jephté alisema. "Ya mama haikuwa na mabonge."

Mlinzi alipiga filimbi. Walisimama kwa pamoja, mmoja akimvuta mwingine, wakapita juu ya ubao. Alphonse alitaka kumwambia Jephté kwamba boti itapita mbele ya Yalofete, upande wa kulia, kabla giza halijaingia, na kwamba akikaa upande ule ataiona nyumba. Lakini Jephté alijua mto kuliko mwenye boti. Injini ikawaka na kuzima maneno yote ya ukingoni. Wafungwa waliketishwa sakafuni, vichwa tu vikaonekana. Alphonse aliona vichwa viwili vimekaribiana, kwa sababu pingu ilikuwa fupi, kisha akaona mkono mmoja unanyooka juu ya ukuta wa boti, kuelekea chini ya mto, kule Yalofete iliko, na mkono wa pili, ambao haukutaka, unanyooka pamoja nao.